Mguu Ambao Sihaba Hakuuchua

"Kisa!"

Semeni: "Kije!"

"Kikija?"

"Kikute tumekaa!"

Kikute mmekaa kweli, si huyu kampanda mwenzake mgongoni na yule anachokoa moto. Nasema mara moja tu. Atakayeniuliza "kisha?" kabla sijafika, ndiye atakayeosha vyombo.

Basi hapo kale, kale ya bibi wa bibi zetu, milima ilipokuwa bado inachagua pa kukaa, palikuwa na mji ukiitwa Vigaeni. Watu wa Vigaeni hawakulima sana, hawakufuga sana. Walifinyanga. Mtungi wa maji, chungu cha mboga, bakuli la uji, vyote vilitoka Vigaeni, na watu walitembea siku tatu kuvifuata.

Na kazi ile ilikuwa ya wanawake. Wanawake waliuchimba udongo, wanawake waliubeba udongo, wanawake waliukanyaga udongo. Mnajua kuukanyaga? Unamwagwa shimoni na maji, mnaingia sita, mnashikana mabega, mnakanyaga tangu jua linachomoza mpaka kivuli kiwe chini ya nyayo. Mkiacha mapema, unabaki na vijiwe na pumzi ndani, na chungu kikienda motoni kinapasuka. Kwa hiyo walikanyaga, na walipokanyaga waliimba:

*Kanyaga, dada, kanyaga,*
*udongo hauna mkubwa;*
*uliyetia mguu jana*
*leo utie na wa pili.*

Udongo haukuwa na mkubwa kweli. Aliingia mwali, aliingia bibi, aliingia na mjamzito mpaka mwezi wa nane. Jioni yake kila mtu alikuwa na lake. Huyu kiuno, huyu bega, huyu miguu imekaza kama vijiti vya ngoma. Ndiyo maana Vigaeni kulikuwa na wachuaji. Mtu akichoka, alilazwa mkekani, akapakwa mafuta ya ufuta, akachuliwa. Mjamzito alikuwa na siku yake maalumu. Kila siku ya saba, tangu tumbo lionekane mpaka azae, hakuguswa na kazi yoyote. Iliitwa siku ya mafuta, na hata mama mkwe mwenye roho ya jiwe hakuthubutu kuivunja.

Na mchuaji wa wajawazito alikuwa mmoja, Sihaba.

Sihaba alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mikono mikubwa, maneno machache. Alijifunza kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Mjamzito humlazi chali, unamlaza ubavu wa kushoto, mkeka uliokunjwa katikati ya magoti. Mgongo unauchua kwa kiganja, taratibu, kutoka kiunoni kwenda juu. Nyonga unazibana kwa mikono miwili. Nyayo unazichua kwa kidole gumba. Tumbo hulikandi. Tumbo unalipaka mafuta tu, kama unavyompangusa mtoto uso. Na kabla ya yote unauliza, "Panauma wapi, na wapi hutaki niguse?" Aliyeulizwa akijibu "popote," unamuuliza tena.

Kijana mmoja, Pazi, alikuwa na mke aliyeitwa Kidawa, ndiyo kwanza ana mimba yake ya kwanza. Alipofika mwezi wa tano, mgongo ulimshika. Akiinama hainuki, akiinuka hainami. Siku ya mafuta alipolala mkekani alikuwa analia machozi ya hasira.

"Shangazi Sihaba," akasema, "huyu mtoto amekalia mfupa wangu kama kigoda."

"Ameupenda. Panauma wapi?"

"Hapo. Chini. Hapo hapo, usitoke hapo."

"Na wapi hutaki niguse?"

"Mbavuni. Nina mtekenyo."

Sihaba akachua. Akachua mpaka nyama iliyokuwa ngumu kama kamba mbichi ikalegea, mpaka pumzi ya Kidawa ikashuka, mpaka akasinzia mdomo wazi. Mama mkwe wake akachungulia mlangoni.

"Amekufa?"

"Amelala, Bi Mosi."

"Kwa siku nne hajalala. Anageuka usiku kucha kama samaki juu ya wavu." Bi Mosi akaweka bakuli la kunde karibu na mkeka. "Akiamka ale. Na wewe ule."

Bi Mosi huyo mumjue vizuri. Mfupi, mweusi, sauti ya kufukuzia ndege. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa tanuri. Bila neno lake hakuna chungu kilichoingia motoni. Aliwahi kuzaa watoto wawili. Wa kwanza aliitwa Tunu, alikufa. Wa pili ni Pazi. Kwa hiyo mke wa Pazi alimshika kama mtungi wa mwisho: kwa nguvu, na kwa kelele nyingi.

Kwa hiyo kila siku ya saba Sihaba alifika. Alichua mgongo, alichua nyonga, alichua nyayo zilizovimba jioni na kunywea asubuhi. Kidawa akawa analala, anakula, anacheka. Mji ukasema, mkono wa Sihaba una dawa. Hamna dawa pale, wanangu. Ni mafuta, subira, na kujua nyama inakwenda wapi. Lakini mtu akipata usingizi baada ya siku nne huita chochote dawa.

Mwezi wa saba ulipoingia, Kidawa akashikwa na homa. Si ya mimba, homa tu, ile ya mvua. Akalala siku nane hainui kichwa, analishwa uji kwa kijiko. Siku ya tisa homa ikashuka. Siku ya kumi akajaribu kusimama, akapiga kelele.

Mguu. Wa kushoto.

Bi Mosi akautazama, akashusha pumzi. "Loo, umenitisha! Mguu wa udongo huo."

Hapa niwaeleze. Vigaeni kulikuwa na ugonjwa waliouita mguu wa udongo. Mtu akikanyaga sana, kigimbi kinakaza, kinavimba, kinauma. Na dawa yake ilijulikana na kila mtu, mpaka mtoto wa kimo chako wewe. Unachukua kigae, kile kipande cha chungu kilichovunjika, unakipasha moto, unakifunga kwenye kitambaa chenye mafuta, kisha unaukanda mguu ule kwa nguvu zote, kutoka kisigino kwenda juu, mpaka mgonjwa akutukane. Akikutukana, amepona. Ndivyo walivyosema. Na mara nyingi walipona kweli.

Bi Mosi akatuma aitwe Sihaba, ingawa haikuwa siku ya mafuta.

Sihaba akaja na kibuyu chake cha ufuta. Akakaa chini, akaivuta miguu miwili ya Kidawa, akaiweka sambamba.

"Panauma wapi?"

"Kigimbi. Ndani ndani. Kama kuna mtu ananivuta mshipa."

"Na wapi hutaki niguse?"

"Hapo hapo."

Sihaba hakupaka mafuta. Akageuza mkono, akaweka mgongo wa kiganja kwenye mguu wa kulia, kisha kwenye wa kushoto. Wa kulia ulikuwa baridi kama kawaida. Wa kushoto ulikuwa wa moto, umejaa, ngozi imevutika inang'aa, wekundu mweusi umepanda mpaka chini ya goti. Mmoja, siyo miwili.

Akaondoa mkono.

Mkono wake ulishawahi kushika mguu kama ule. Ilikuwa miaka saba nyuma. Ulikuwa mguu wa Tunu, binti wa Bi Mosi, siku kumi baada ya kujifungua. Tunu alikuwa amelala ndani siku zote kumi, kama wazazi walivyolazwa zamani hizo, haruhusiwi hata kuvuka kizingiti. Akasema mguu unauma. Sihaba akasema mguu wa udongo, akapasha kigae, akakanda kwa nguvu zote kutoka kisigino kwenda juu. Tunu alimtukana, wakacheka wote wawili. Kisha Tunu akasimama achukue mtoto. Akashika kifua. Akasema, "Shangazi, mbona pumzi hai..." Hakumaliza. Kabla Sihaba hajafika alipo, alikuwa chini.

Mji ukasema amerogwa. Mwanamke mzima, anacheka, anasimama, anakufa. Itakuwa nini kama si uchawi? Wakatafuta aliyeingia nyumba ile. Alikuwa ameingia jirani mmoja, mjane, Bi Chanja, asubuhi yake, akamsifu mtoto bila kumtemea mate ya kuondoa kijicho. Ikatosha. Bi Mosi alinyoosha kidole, watu wakaokota mawe, Bi Chanja akavuka mto na kikapu kimoja. Sihaba alikuwa amesimama pale. Hakuokota jiwe. Hakufungua mdomo pia.

Tangu siku ile alikuwa akilihesabu jambo lile peke yake. Tunu alilala siku kumi. Hakukanyaga udongo hata siku moja. Basi mguu wa udongo ulitoka wapi?

Na Kidawa huyu je? Siku kumi kitandani, na udongo hajauona.

"Mbona umekaa?" akasema Bi Mosi. "Mafuta yameganda?"

"Sitauchua mguu huu."

"Hutauchua?"

"Mgongo nitachua. Mabega nitachua. Mguu huu usiguswe na mtu. Alale, auweke juu ya mto, apewe maji mengi."

"Mguu unaouma ndio hauchuliwi! Basi na mwenye njaa asile." Bi Mosi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kwa nini?"

Sihaba akatafuta jibu ambalo halikuwa jibu lenyewe. "Ni wa moto sana."

"Kwa hiyo?"

"Sijisikii vizuri kuuchua, Bi Mosi."

"Ah! Hujisikii." Bi Mosi akasimama. "Nimekulisha kunde zangu miezi mitatu, leo mtoto anaumwa kweli unanijia na kujisikia. Nenda nyumbani ukajisikie. Mimi mikono ninayo."

Na alikuwa nayo kweli. Mkono ulionyoosha mitungi miaka thelathini haushindwi na kigimbi.

Sihaba akatoka. Akafika mpaka kwenye shimo la udongo, wanawake wako ndani wanakanyaga, wanaimba.

*Uliyetia mguu jana*
*leo utie na wa pili.*

Akasimama. Alijua kigae kinachukua muda gani kushika moto. Akiendelea na njia yake, atafika kwake, atafunga mlango, na litakalotokea litatokea. Watamtafuta tena aliyeingia nyumba ile. Safari hii, aliyeingia ni yeye. Au watapata mwingine. Mji haukosi mjane. Na akirudi akasema, basi hatakuwa mchuaji tena Vigaeni, na huenda mawe yapo bado.

Unaniuliza alifikiri muda gani? Hakufikiri muda mrefu. Kigae hakingoji.

Akarudi.

Alimkuta Bi Mosi amepiga magoti, kigae kimefungwa kitambaani kinatoa moshi, mkono wa pili umeshashika kisigino cha Kidawa. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamemshika mabega asiinuke.

"Kiweke chini, Bi Mosi."

"Umerudi? Kujisikia kumeisha?"

"Nimesema kiweke chini. Tunu hakurogwa."

Mlemle ndani hakuna aliyelitaja jina lile kwa miaka saba. Bi Mosi hakuachia kisigino.

"Sema tena."

"Tunu hakurogwa. Alikuwa na mguu kama huu. Wa moto, umejaa, mmoja tu. Alikuwa amelala siku kumi kama huyu. Nikaukanda kwa kigae. Akasimama, akafa. Mkono ulikuwa wangu."

Mmoja wa wale jirani akasema, "Sihaba, umepagawa? Chanja ndiye..."

"Chanja alileta maboga. Alikaa, akamsifu mtoto, akaondoka. Mimi ndiye niliyekanda."

"Ulijua?" akauliza Bi Mosi. Sauti yake ya kufukuzia ndege ilikuwa haipo.

"Siku ile sikujua. Nilidhani mguu wa udongo. Nilianza kujua baadaye, nilipokaa nikahesabu siku."

"Baadaye lini?"

"Kabla mvua hazijaisha. Mwaka uleule."

"Miaka saba."

"Miaka saba."

"Unakula kunde zangu."

"Nakula kunde zako."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Sihaba akajibu kama ilivyokuwa. "Kwa sababu mlikuwa mkinipa pole mimi, na mawe mkimpa yeye."

Kidawa, ambaye wote walikuwa wamemsahau, akasema kutoka mkekani, "Mama, kigae kinaunguza mkeka."

Kweli kilikuwa kimeteleza kikaangukia mkeka. Bi Mosi akakiokota kwa vidole vitupu, akakitumbukiza kwenye mtungi wa maji. Kikalia. Kisha akaachia kile kisigino, polepole, akakilaza juu ya mto kama mtu anayelaza chungu kibichi. Akamwambia Sihaba neno moja.

"Toka."

Akatoka.

Wazee wakakaa. Wengine walisema mtu huyu ni muuaji, wengine wakasema ni mjinga, wengine wakasema wote tulikuwa wajinga na wajinga wote hawawezi kufukuzwa, nani atachoma vyungu? Mawe hayakuokotwa, na ikakatwa kwamba Bi Chanja akipatikana arudi, ajengewe nyumba yake. Lakini hakuna aliyemwita tena. Siku ya mafuta ikafika, wajawazito wakachuliwa na dada zao, na kibuyu cha Sihaba kikakaa ukutani. Akaingia shimoni akakanyaga udongo kama wengine. Waliomkaribia walimshika bega kwa ncha za vidole.

Mguu wa Kidawa haukuchuliwa. Ulikaa juu ya mto siku kumi na tano. Wekundu ukarudi nyuma, joto likapungua, uvimbe ukashuka kidogo kidogo. Nasikia mnaguna, "kumbe dawa yake ni mto." Acheni kuguna. Ile haikuwa dawa, ilikuwa bahati, na zamani watu waliishi kwa bahati kwa sababu hawakuwa na lingine. Leo mkiona mjamzito, au mzazi, au mtu yeyote aliyelala sana, mguu mmoja umevimba, wa moto, unauma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na ikikandwa hupanda kifuani: ni hospitali. Siyo kesho, siyo akimaliza kupika. Siku hiyohiyo. Tumeelewana? Haya.

Mwezi wa tisa uchungu ukamshika Kidawa asubuhi, ng'ombe wanatoka. Mkunga alikuwapo, maji yalikuwapo, kila kitu kilikuwapo. Lakini uchungu wa Kidawa haukukaa tumboni. Ulikaa mgongoni, palepale mtoto alipojifanyia kigoda. Kila ulipokuja aling'ata kanga. Dada yake akamchua, akamsukuma mkono. Mkunga akamchua, akamsukuma mkono.

"Niitieni shangazi Sihaba."

"Mama mkwe wako atatuua," akasema mkunga.

"Mimi nakufa sasa hivi. Niitieni!"

Bi Mosi alikuwa nje mlangoni, amekalia kinu kilichogeuzwa. Alisikia. Uchungu ukaja, ukaondoka. Ukaja mwingine. Alipousikia wa tatu akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda shimoni mwenyewe kwa miguu yake mifupi.

Wanawake wakaacha kuimba.

"Sihaba."

"Naam, Bi Mosi."

"Anakutaka wewe."

"Na wewe?"

"Mimi sikutaki. Osha miguu, twende."

Walipofika mlangoni Bi Mosi akamzuia kwa mkono. "Mguu?"

"Siugusi."

"Tumbo?"

"Siligusi. Mgongo tu."

"Nitakaa palepale nikuangalie mikono."

"Kaa."

Sihaba akaingia. Hakumlaza. Alimpigisha Kidawa magoti, kifua akakiegemeza juu ya kile kinu cha mlangoni, kimeingizwa ndani, naye akapiga magoti nyuma yake.

"Panauma wapi?"

"Unapajua!"

"Sema wewe."

"Chini! Kwenye mfupa!"

Uchungu ulipokuja, Sihaba aliweka kisigino cha kiganja chake kwenye mfupa ule wa chini ya kiuno, akausukuma, na uzito wake wote nyuma ya mkono. Uchungu ulipoondoka, aliachia, akapitisha viganja vya mafuta mgongoni, juu na chini, juu na chini. Ukija anasukuma, ukiondoka anapangusa. Ukija anasukuma, ukiondoka anapangusa. Jua likapanda. Kidawa akaacha kung'ata kanga. Akaanza kuvuta pumzi na kuitoa, na kati ya uchungu na uchungu akasinzia mara mbili, kichwa juu ya kinu, mpaka mkunga akacheka.

Bi Mosi alikaa palepale akiangalia mikono. Ilipofika saa sita, mikono ya Sihaba ikaanza kulegea kwa kuchoka. Bi Mosi akaona. Akasogea, akapiga magoti kando yake.

"Unabonyeza wapi?"

"Hapa. Kwa kisigino cha kiganja, siyo vidole."

"Kwa nguvu gani?"

"Muulize yeye."

"Kidawa! Kwa nguvu gani?"

"Zaidi! Hapo! Hapo hapo, mama!"

Basi wakapokezana, mmoja akipumzisha mikono mwingine akisukuma, mpaka jua lilipoanza kuinama na mtoto akateremka, wa kike, mwenye kichwa kirefu na hasira ya mama yake. Kidawa akawa mzima. Mkunga akamwinua kesho yake, akatembezwa uani, keshokutwa tena, maana Bi Mosi alisema katika nyumba yake hakuna mzazi atakayelazwa siku kumi tena, na asiyetaka aende akalazwe kwao.

Bi Mosi hakumwambia Sihaba asante. Hakumwambia nimekusamehe. Nawaambia ili msingoje. Mtoto wake alikuwa amekufa, na maneno hayakuwepo. Alimwambia hivi wakinawa mikono:

"Yuko hai. Niliuliza. Ng'ambo ya mto, mahali panaitwa Mawe Manne."

Sihaba akajua anasemwa nani.

Akaenda kesho yake, kabla joto halijapanda. Alimkuta Bi Chanja anapalilia kunde mbele ya kibanda kimoja, peke yake, mgongo umepinda kama upinde. Miaka saba ya kujichotea maji, kujipasulia kuni, kujilimia. Bi Chanja akamwona, hakusimama, hakukaribisha.

Sihaba akasema yote akiwa amesimama juani. Mguu, kigae, siku kumi, kunyamaza. Alipomaliza, akasema, "Wazee wamesema urudi. Nyumba yako watakujengea."

"Nimeshapanda kunde," akasema Bi Chanja. Akang'oa jani, akalitupa. "Mosi amesema nini?"

"Amenielekeza hapa."

"Basi? Hakusema lingine?"

"Hakusema."

"Angesema ningemjibu vibaya. Afadhali." Akaegemea jembe. Akamtazama Sihaba mikono, wala si uso. "Unajua sikupata mtu wa kuniambia pole? Hata mtoto. Mbwa mmoja alinifuata mpaka mtoni, akarudi."

Sihaba akakishusha chini kibuyu chake cha ufuta.

Bi Chanja akaingia kibandani. Akakawia. Sihaba akadhani amefungiwa mlango, akawa anageuka aondoke. Kisha sauti ikatoka ndani.

"Mafuta unayo?"

"Ninayo."

"Ingia basi."

Alikuwa ameshatandika mkeka, amelala kifudifudi, mgongo wazi. Mifupa ilionekana yote. Sihaba akapiga magoti, akamimina ufuta kiganjani, akausugua upate joto.

"Panauma wapi?"

"Kila mahali."

Sihaba akauliza tena.

Bi Chanja akapaonyesha kwa kidole, pamoja baada ya pengine: hapa, na hapa, na hapa. Sihaba akachua. Akachua tangu asubuhi mpaka kivuli kikaingia chini ya nyayo. Alipofunga kibuyu, mwanamke yule mzee akasema, uso umeelekea ukutani:

"Siku ya saba njoo tena."

Akaja. Na siku ya saba nyingine akaja. Akavuka mto ule, wa masika na wa kiangazi, kila siku ya saba, miaka kumi na mmoja, mpaka Bi Chanja akafa kwa uzee juu ya mkeka wake mwenyewe. Na huko Vigaeni wakaanza kumwita tena, mmoja mmoja, kwanza waliokuwa na maumivu makali, kisha wote. Lakini siku yake ya kuvuka mto hakuitika. Walizoea.

Sasa nisikilizeni, mwishoni mwa kisa pana mfupa wake. Maumivu mengi yanataka mkono, na mkono mzuri ni rehema kwa mwenye mimba na asiye na mimba. Mengine yanataka mkono ukae mbali, na mgonjwa apelekwe kwa anayejua zaidi. Uliza kabla hujagusa. Usipojua, sema sijui. Na ukikosea, sema upesi, kabla mwingine hajaokotewa mawe yako. Ukichelewa, bado utasema, ila utalipa kwa kuvuka mto.

Kisa kimeinuka, kimekung'uta nguo, kimekwenda zake. Aliyekisikia akibebe, aliyesinzia kimemruka.

Na wewe uliyesema "kisha?" mara mbili, nilikusikia. Vyombo viko nje.